Kikapu cha Simu na Taa za Senene

Jumatatu, 4 Novemba

Hapana, sijafilisika. Nimesema biashara imelala, na kulala siyo kufa. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mke wangu Edvina leo aliponiuliza kwa nini nimerudi na uso mrefu. Akasema, "Johnson, hayo maneno yako kaongee na daftari, masikio yangu yamechoka." Haya daftari, karibu. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mambo ya nukta tusisumbuane.

Kazi yangu ni kusimamia kasino hapa Kashai. Kasino ni neno la bosi, Mzee Rwegasira, ndilo aliloandika ukutani kwa rangi nyekundu. Watu wanasema "kwa madubwi", maana ni chumba kimoja chenye mashine za kutumbukiza sarafu, feni inayokohoa, na mimi. Zamani saa kama hizi hapakukosa mtu. Mtu akipata, sarafu zinamwagika kwenye bati mtaa mzima unasikia, hata anayemdai anasikia.

Siku hizi kila mtu ana kasino mfukoni. Kuna mchezo wa kwenye simu wanauita kindege. Kinapaa, hela inapanda, unatakiwa uitoe kabla kindege hakijapotea. Kinapotea. Leo umeme umekatika saa nne, mashine zangu zikafa macho, wateja wangu watatu wakatoa simu wakaendelea kucheza kindege hapo hapo kwenye viti vyangu. Mmoja akaniuliza kama nina chaja.

Huyo wa chaja ni Onesphory, dereva bodaboda, mume wa dada yangu Jovitha. Shemeji wa damu kabisa, ananisaliti akiwa amekaa kwenye stuli yangu.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua kutwa. Hakuna aliyekuja. Nimecheza mwenyewe, nikaliwa na mashine ninayoilinda.

Ijumaa, 8 Novemba

Bosi amekuja. Amezunguka mashine moja moja akizigusa kama mtu anayeaga ng'ombe.

"Johnson, hicho kindege kinatua wapi nikakipige mawe?"

"Mzee, hakitui. Hiyo ndiyo biashara yao."

Hakucheka. Kasema Krismasi ikitukuta hivi hivi, mashine zinapanda lori na mimi nirudi kuuza mitumba. Nikamwambia nitawaza. Akasema, "Wazia karibu na mlango, wateja wakuone uko hai."

Jioni dada Jovitha amenipigia kutoka Kamachumu. Anakaa huko kwenye kibanja cha kina Onesphory, yeye, binti yao Nancy, na mama mkwe wake, Mae Klaudia. Baba yake Onesphory amezikwa pale pale, nyuma ya nyumba, penye migomba mizuri. Jovitha anaongea chini chini.

"Kaka, kuna mwanaume amekuja amevaa gambuti. Anaitwa Karugendo, mfanyabiashara wa Muleba mjini. Ametembea kibanja chote akipima kwa miguu, kila mlamula, ule mti wa mpakani, anaushika."

"Labda ananunua kahawa."

"Mnunuzi wa kahawa anaangalia kahawa. Huyu alikuwa anaangalia nyumba."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akanijibu kwamba hajanipigia nimpe pole, amenipigia nimuulize shemeji yangu.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemuuliza. Nilimkuta kijiweni, amekaa juu ya pikipiki yake, helmeti kwenye goti, simu kwenye helmeti.

"Shemeji, Karugendo wa Muleba unamjua?"

"Ngoja, kinapaa."

Nikangoja. Abiria akaja anataka kwenda Hamugembe, akaambiwa naye angoje. Akapanda pikipiki ya mwingine.

"Karugendo nani?" akasema mwishoni, kidole bado kiko hewani.

"Anayepima kwenu kwa gambuti."

"Ah, huyo ana maongezi ya kahawa." Na hakuniangalia. Onesphory huwa ananiangalia hata akinidanganya, ndiyo raha ya kudanganywa naye. Leo hapana.

Nimempa Jovitha jibu hilo la kahawa. Kakata simu.

Jumatano, 13 Novemba

Nimewaza karibu na mlango, na wazo limekuja!

Nimechukua kikapu cha Edvina cha sokoni, nikakiweka kaunta. Sheria: ukiingia unaweka simu kwenye kikapu, nakupa sarafu za kuanzia, bure. Simu unaipata ukimaliza. Maana mimi sishindani na mashine ya mwenzangu, nashindana na mfuko wa suruali. Kwa hiyo mfuko nauacha mlangoni.

Farida anayeuza chai nje alicheka mpaka akakalia birika. "Mwanaume wa Bukoba akuachie simu? Si mkewe atapiga!"

"Ndiyo maana ataniachia."

Walianza wawili, jioni walikuwa saba. Na kitu kingine sikukitegemea: bila simu watu wanaongea. Wawili wamegundua wote wanatoka Rubafu, mmoja alimpiga mwenzake shuleni. Wameombana radhi huku wakitumbukiza sarafu.

Ijumaa, 15 Novemba

Senene wameanza kushuka, wale panzi wetu wa kuliwa! Nimempigia bosi kabla hata sijanawa uso. "Mzee, nunua taa mbili kubwa, zile za kuchoma macho. Tuzipandishe juu ya paa, tusimamishe mabati kwenye mapipa wateleze humo. Senene watakuja kwa taa, watu watakuja kwa senene, na mlango ndio huu hapa. Kindege chao kwenye simu hakiliwi."

Akasema, "Wewe ungesoma ungekuwa hatari."

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani mchungaji kasema tufumbe macho. Onesphory alifumba moja, lingine liko kwenye simu.

Jumatano, 20 Novemba

Leo nilikuwa nimepanga kuandika kwa herufi kubwa kwamba TUMEJAA. Uani wanawake wanachuma senene kwenye mapipa, ndani wanaume wamebanana, Farida amemaliza chai akaenda kuchemsha nyingine. Bosi kapiga simu mara mbili kusikiliza kelele tu.

Na Onesphory amekuja! Kaweka simu yake kwenye kikapu mwenyewe, bila kusukumwa. Nikampigia makofi. "Karibu nyumbani, msaliti." Akacheka, akakaa mashine ya dirishani, akaanza. Nilifurahi kweli, sitasema uongo kwa daftari langu mwenyewe.

Saa kumi hivi simu ikalia kwenye kikapu. Ikakata, ikalia tena. Watu wakaanza kulalamika inawakosesha bahati. Nikaitoa. Kwenye kioo imeandikwa KARUGENDO MULEBA.

Nikapokea. "Simu ya Onesphory hii, mwenyewe mikono imeshikwa."

"Wewe ni nani?"

"Shemeji yake."

"Vizuri, basi mko pamoja kwenye hili. Mwambie Jumamosi nakuja na watu wangu na karatasi. Anipigie asubuhi aniambie tukutane wapi, twende pamoja. Na ile nyumba niikute tupu kama alivyoahidi. Alisema mama yake anahamia kwa binti yake Bukoba. Mimi sipendi vilio vya wazee."

Mae Klaudia hana binti Bukoba. Binti aliyenaye ni dada yangu, naye yuko kwenye nyumba hiyo hiyo.

Nikasema "sawa", maana ndiyo neno lililotoka. Nikabaki nimeshika simu. Na pale pale mashine ya dirishani ikalia, sarafu zikamwagika, chumba kizima kikapiga kelele, Onesphory mikono juu. Akageuka kwangu, uso unang'aa kama mtoto.

"Shemeji! Nipe simu dakika moja. Bahati imeamka, niihamishie kwenye kindege kabla haijalala!"

Niliutazama ule uso. Wiki zote hizi nimekuwa nikisema ameibiwa na simu, nimrudishe. Nimemrudisha. Na mashine yangu imemfanyia kile kile, tofauti ni kwamba yangu ina kelele.

"Sheria ya kikapu," nikamwambia. "Mpaka umalize."

"Nimemaliza."

"Bado. Una sarafu hizo."

Akazirudisha zote kwenye mashine, haraka haraka, ili amalize. Nikaona watu wameacha kucheka.

Wakati huo nilikuwa nimeshaitia simu kwenye soksi.

Alhamisi, 21 Novemba

Amekuja asubuhi kabla sijafungua. Macho mekundu, shati la jana.

"Simu yangu."

"Karugendo anakusalimia."

Akakaa kwenye ngazi. Nilitegemea akane, nilikuwa nimejiandaa na matani ya kumsuta. Hakukana. Kasema amekwisha, kila kitu kimeishia kwenye kindege, na kianzio alichopewa na Karugendo cha kununua kibanja nacho kimepaa. Akaniambia mpango wake, na alinieleza kwa furaha kabisa, kama mtu anayekuonyesha picha za harusi.

"Sikiliza, Johnson. Jumamosi ananimalizia hela. Siichezi yote, nacheza nusu. Nimekisoma kindege, najua sasa kinapotelea wapi. Natoa kwa wakati, nakomboa kibanja Jumatatu, Mae hajui kitu. Na cha jirani nanunua juu yake."

"Na kikipotea?"

"Hakipotei."

"Onesphory, kazi yake ni kupotea."

"Wewe nawe!" Akasimama. "Wewe unakula kwa nini? Kwa watu kupoteza! Mwaka wa ngapi huu unanichekea huku nakuachia mshahara kwenye hizo mashine? Leo umekuwa mchungaji?"

Nikarudisha ufunguo mfukoni.

Akanishika shati. Kifungo kimeruka mpaka kwenye ndoo ya Farida. Farida kaja na birika la moto mkononi, akasema taratibu, "Onesphory baba, mwachie. Chai hii nimeitia tangawizi, sitaki kuimwaga." Akaniachia. Amesema hata bila simu Jumamosi ataenda, atamsubiri Karugendo njia panda ya Muzinga hata kutwa nzima.

Nimempigia Jovitha. Nimemwambia yote, na ya kahawa nimemwomba msamaha. Hakulia. Ameuliza swali moja tu: "Senene kwako huko wapo?"

Nikafikiri amechanganyikiwa.

Ijumaa, 22 Novemba

Simu inalia ndani ya soksi. Siipokei. Mvua inapiga bati, simu inalia, Edvina anasema nyumba imekuwa stendi.

Jioni Jovitha ameshuka hapa na Mae Klaudia. Mae amekaa kwenye kiti bila kuegemea. "Wasibota, Johnson," kanisalimu kwa Kihaya. Jovitha amemwomba Edvina kikaango.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo naandika marefu, msomaji utanisamehe.

Alfajiri senene walishuka kama mtu amepasua gunia. Uani kwetu wanawake wa mtaa mzima, ndoo, vitenge, vicheko. Hata ukutani kwenye ile rangi nyekundu ya KASINO walijaa mpaka neno halisomeki.

Onesphory akatokea na pikipiki, injini hakuizima. Amekuja kudai simu mara ya mwisho kabla ya safari. "Johnson, leo tusipigane. Nipe tu niende."

Kabla sijajibu, wanawake wakapisha. Jovitha akatoka katikati yao, amefunga kitenge kizuri, mkononi kifurushi cha jani la mgomba. Akapiga magoti mbele ya pikipiki, kwa heshima zote, kama bibi harusi.

"Baba Nancy, nimekuletea senene wako."

Onesphory alimtazama kama anaona mzimu. "Umefikaje hapa?"

"Kula kwanza, waitu, tafadhali. Wana moto bado."

Kwetu hili halihitaji maelezo, lakini kama umetoka mbali nikuambie: mke ndiye anayechuma senene, akamkaangia mume. Na mume akishawatia mdomoni, anadaiwa zawadi. Nguo ndiyo kawaida. Atakayekula asitoe, wanawake watamwimba mpaka Pasaka, na watoto wao watajifunza wimbo.

Onesphory anajua hayo kuliko mimi. Lakini nadhani alikuwa hajala tangu Alhamisi, na jani lilifunguliwa, vitunguu vikanukia. Mkono ukaenda wenyewe. Akatia mdomoni. Akatafuna.

"Kala!" mwanamke mmoja akapiga yowe. "Kala huyo!"

"Nguo! Nguo! Nguo!" Uani wote. Ndoo zinagongwa.

Yeye naye akacheka, uso wake wa zamani ukarudi kidogo. "Haya, haya! Nitakununulia gomesi, mama Nancy. Tena la kung'aa. Jumatatu!"

"Gomesi ninalo," Jovitha akasema, bado yuko magotini. "Nataka laini yako ya simu."

Kelele zikapungua.

"Laini?"

"Hiyo unayochezea. Lakini kwanza umpigie nayo Karugendo, hapa hapa, kwa sauti kubwa, mama akisikia."

Ndipo akamwona. Mae Klaudia alikuwa ndani, mlango wazi, amekaa kwenye stuli ya mashine ya dirishani, ile ile. Taa za mashine zinamwakia usoni nyekundu, kijani. Sijui nani alimwambia ndiyo mashine ya mwanawe, au alikaa tu. Hakupaza sauti, lakini tulisikia sote.

"Onesphory. Baba yako nimhamishie wapi?"

Injini ya pikipiki ilikuwa bado inanguruma. Niliona mguu wake kwenye gia. Nilijua akiikanyaga, sina nguvu wala utani wa kumzuia, na wanawake na ndoo zao watapisha tu. Senene mmoja alitua begani mwake, wala hakumpangusa.

Akazima injini.

Nikavua kiatu, nikatoa simu kwenye soksi. Hakuna aliyecheka. Akapiga, akaweka sauti nje.

"Uko wapi?" Karugendo akaanza. "Nimeshawasha gari."

"Zima. Mama hahami."

"Unanichezea?"

"Hahami. Kibanja hakiuzwi."

"Na kianzio changu, bwana mdogo?"

Onesphory aliangalia chini, kwenye tangi la pikipiki. Akalifuta maji kwa kiganja. "Njoo uchukue pikipiki. Iko Kashai, kwa madubwi."

Karugendo akamtukana tusi ambalo Mae hakustahili kulisikia, akakata. Farida akavua hereni yake, ncha yake ikatumika kutolea laini. Jovitha akaifunga kwenye pindo la kitenge, akasimama, akajipangusa magoti. Wanawake wakamwimbia, lakini wimbo wa shukrani. Onesphory akamaliza senene wote, amesimama, machozi yanamtoka, anatafuna.

Jumapili, 24 Novemba

Karugendo kaja na gari. Kachukua pikipiki na helmeti pia.

Jumatatu, 25 Novemba

Daftari, nimejiharibia. Wanawake wa Kashai wameujua mlango! Tangu asubuhi wanakuja na majani yao ya mgomba: "Baba fulani yumo? Mwambieni atoke ale." Wanaume wanatokea dirisha la nyuma. Wanne wamenaswa mlangoni, mmoja alikuwa ameshatafuna. Anadaiwa laini.

Onesphory naye kaja. Kasema hana pa kwenda, anataka kukaa tu, na nimpe sarafu moja, ya kuchangamsha mkono.

"Hapana, shemeji."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu. Kwangu hasa."

Amegeuza ndoo akakaa nje. Namwona kupitia dirishani. Kidole chake cha gumba kinagonga goti, kinasubiri, kinagonga. Kama vile kuna kitu kinapaa.

Ijumaa, 29 Novemba

Wateja wawili. Mmoja ni fundi feni.

Jumatatu, 2 Desemba

Lori limekuja. Nilidhani bosi atanigombeza, hakunigombeza. Kasema, "Johnson, umemfukuza mteja bora, ukaleta wake za waliobaki. Ni maajabu." Nikamuuliza mashine zinakwenda wapi. Kasema zinauzwa chuma chakavu. Yeye sasa anaingia kwenye simu, amepata watu wa kumtengenezea mchezo wake mwenyewe.

"Kindege kingine, Mzee?"

"Hapana. Samaki. Anapiga mbizi."

Taa mbili na mabati ameniachia, maana havina mnunuzi. Kikapu ni cha Edvina.

Alhamisi, 5 Desemba

Sasa wewe unayesoma, tuongee biashara.

Mimi nina taa mbili za kuchoma macho, mabati na mapipa. Senene bado wapo, na wakiisha watarudi mwakani. Ninachotafuta ni uwanja wenye umeme. Kama unao, uwe Kashai, uwe Muleba, nakuja na mzigo wangu wote na mfanyakazi mmoja hodari, mrefu, mcheshi akiamua. Anajua kusimamisha mabati upepo usiyaangushe. Anaitwa Onesphory. Analala kwangu, Jumamosi anapanda mwenyewe kwenda Kamachumu, Mae anamsubiri na akamwani, kahawa ya kutafuna.

Mgao uko hivi: ndoo mbili zako, moja yangu na yake. Hupati popote mtu wa kukupa mbili. Edvina kasema ni wazimu.

Lakini kuna sharti. Siku moja atakuja, mikono amejifuta vizuri, atakuambia kwa adabu, "Samahani bwana, naomba simu yako nipige mara moja tu, nimjulie hali mama." Utamwonea huruma. Ana uso wa kuonewa huruma.

Mpigie wewe. Uliza namba, bonyeza wewe, ishike wewe sikioni mwake mpaka amalize kuongea. Ukiweza hilo, ndoo ya tatu nayo ni yako.